Wakikuita Docta

Masika mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kutumaini kwamba itamkuta mwenzao akiwa mzima. Mimi sina haja ya kutumaini. Nakuona kupitia dirisha la sebuleni, umekaa uani kwenye kigoda, kichwa chako kati ya magoti ya shangazi yako, tante Sifa, nusu ya nywele zimeshasukwa na nusu bado zimesimama zinapinga. Unacheka. Sifa anakusimulia kitu, na kwa jinsi anavyoinamisha sauti najua si kitu cha masikio ya baba. Mama yako yuko jikoni anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, vya kukufungia safari, na harufu imenifikia mpaka huku. Ukiona doa la mafuta kwenye karatasi hii, ujue nilishindwa na majaribu.

Ningeweza kutoka nje na kukuambia haya kwa mdomo. Lakini mezani leo mchana uliniuliza swali, nami nikakohoa, nikaomba chumvi. Wote mliona. Ulisema hivi, nayaandika maneno yako kama yalivyotoka:

"Papa, batu ba kule bataniita docta, na miye siko docta. Na kama mutu anakufa mu mikono yangu juu siko docta, nitasema nini? Afazali nibakie na weye hapa Keshero. Nafasi iko."

Mama yako akakutazama wewe, akanitazama mimi, kisha akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Ndipo nilipojua kwamba ulikuwa umesema kweli, si maneno ya kutafuta kubembelezwa. Kesho alfajiri gari linaondoka kufuata barabara ya Bunagana. Kule mlimani kituo cha afya kinakungoja uwe muuguzi wake mkuu, titulaire, mtu wa kupima wagonjwa, kuandika dawa, kuzalisha, kuchanja, na kuamua nani atibiwe pale na nani apelekwe Rutshuru kwa daktari. Tangu titulaire wa zamani astaafu, wanawake wa kule wanateremka mlima kwa miguu na mimba zao. Nafasi hiyo uliitaka mwenyewe, uache kunisaidia hapa kwenye kituo changu cha Keshero. Ulishangilia, ukanunua na viatu vya matope. Sasa, siku moja kabla, umeanza kurudi nyuma, na mimi nikaomba chumvi.

Kwa hiyo nakaa hapa nikujibu vizuri. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, nani umwamini na nani usimkopeshe, nayaruka yote. Mama yako amekwambia, atakwambia tena leo jioni, na tangu juzi amepigia simu nusu ya wanawake wanaomuuzia maharagwe ya biashara yake kwenye barabara ile. Nadhani huwezi hata kupiga chafya kule bila yeye kujua huku.

Nianze na hilo jina.

Unajua mimi niliitwa docta mara ya kwanza wapi? Njiani, nikikimbia volkano. Ile ya kwanza, uliyoikimbia ukiwa mabegani mwangu, ukilia kwa sababu kiatu chako kimoja kilikuwa kimebaki nyumbani. Mlima ulikuwa umepasuka, moto unateremka ndani ya mji wa Goma, na sisi wa upande huu wa Keshero tulikuwa tunatembea kwenda Sake, barabara yote watu na magodoro. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule ya uuguzi. Wakati wa kutoka nyumbani, mama yako alibeba sufuria, maharagwe, chumvi na kiberiti. Mimi, kichwa cha familia, nilikubeba wewe na bluzi yangu nyeupe ya kazi, lile vazi la wauguzi. Hadi leo hajanisamehe ile bluzi.

Basi majivu yakaanza kutuangukia, nikaivaa ili nisichafue shati. Sikuwa na nia nyingine, naapa. Lakini watu waliona nguo nyeupe. "Docta! Docta, kuya huku!" Bibi mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, nikamfunga kwa kipande cha kitenge. Watoto walikuwa na majivu machoni, nikawaosha kwa maji ya dumu la mtu nisiyemjua. Baba mmoja alikuwa anahema vibaya, nikamkalisha, nikamfungua vifungo vya shati, nikakaa naye mpaka pumzi ikarudi. Dawa sikuwa nayo hata kidonge. Na kila nilipomaliza na mmoja, mwingine aliita, na mimi nikawa naitika. Masika, niliitika kwa raha! Mji unaungua, na mimi natembea kifua mbele.

Mama yako, aliyekuwa amekupokea mgongoni, akanivumilia mpaka pale karibu na Sake, akasema: "Docta, beba mutoto wako. Amelala, na miye nachoka."

Tangu siku ile ananiita Docta kila anapokasirika. Ulidhani ni heshima?

Jina lile lilinilevya, sikufichi. Baadaye nilipopewa kituo changu cha kwanza, milimani, si mbali sana na huko unakokwenda, nilikuwa navaa stetoskopu mpaka sokoni. Nilikuwa nanunua viazi nayo. Siku moja akaja muzee mwenye kikohozi, nikamwambia avue shati, nikaweka kile chuma mgongoni mwake, nikafumba macho, nikasikiliza kwa muda mrefu kama nilivyoona madaktari wakifanya. Muzee akageuza shingo, akaniuliza kwa upole: "Muganga, hizi za masikio hazipashwe kuwa mu masikio?" Zilikuwa bado shingoni mwangu. Nikamjibu kwamba nilikuwa kwanza napima joto la ngozi. Alikubali kwa kichwa, akavaa shati lake, na kabla ya jua kuzama kilima kizima kilikuwa na habari.

Halafu kukawa na mambo ya serumu ya njano. Unawajua watu wetu: mtu hajatibiwa mpaka atundikiwe chupa ya maji ya mshipani, na chupa ikiwa ya njano ndiyo yenye nguvu. Wewe na mimi tunajua ile njano ni vitamini tu ndani ya maji. Mwanzoni nilikataa. Nilieleza vizuri, nikachora mpaka picha. Wakawa wananisikiliza kwa adabu, kisha wanakwenda kuinunua kwa muuza dawa wa sokoni na kutundikiwa na shemeji yake. Nikaona aibu, kwamba docta mzima ananyang'anywa wagonjwa na shemeji wa mtu. Basi akaja mkulima mmoja mwenye mabega kama mlango, amechoka kwa kulima, hana ugonjwa wowote, anataka ya njano. Nikamtundikia. Akalala, akakoroma, akaamka, akatangaza kwamba amezaliwa upya.

Siku ya soko iliyofuata nikakuta watu wazima na afya zao wamejaza vitanda vyangu, kila mtu anangoja chupa. Nilikuwa na furaha, nahangaika huku na huku kama mwenye arusi. Mpaka nilipotoka nje kuchukua maji nikamkuta mama amekaa chini ukutani na mtoto mwenye homa ya kweli, anatetemeka, na mama hajasema neno kwa sababu aliona docta ana kazi. Nililaza wazima ndani na kumwacha mgonjwa nje. Nikaingia, nikateremsha chupa zote, nikatukanwa kwa lugha tatu. Mtoto alipata dawa ya malaria na akapona. Kwa wiki nzima sokoni hakuna aliyeitikia salamu yangu, halafu mmoja akaugua, akarudi, na wengine wakafuata.

Watakukasirikia, Masika. Si mara moja. Wewe ni mtu wa kuchekesha, unapenda kupendwa, hilo umelirithi kwangu, na ndiyo maana nakusimulia hili. Wakinuna, waache wanune, wewe pima.

Lakini kuna hadithi ambayo Sifa huisimulia vibaya kwenye arusi, akiongeza chumvi, na nataka uipate kwangu bila ile chumvi. Ni ya siku niliyochelewa kumtransfere mtu.

Unajua jinsi lile neno linavyopokelewa kwetu. Ukimwambia mgonjwa kwamba unamtransfere kwenda hospitali, wengine husikia kwamba unamfukuza, wengine husikia kwamba umekiona kifo usoni mwake, na wote husikia kwamba wewe umeshindwa. Alikuja msichana wa mimba ya kwanza, na uchungu wa tangu alfajiri ya jana yake. Mpaka watu wanapokwenda mashambani nilikuwa nimeshaona kwamba mtoto hashuki. Ningesema pale pale. Badala yake nikamwangalia baba mkwe wake, ambaye alikuwa amevaa koti kwa ajili ya kuja kwangu, akaniambia, "Docta, sisi tunakutegemea weye." Basi. Nikasema tungoje kidogo. Nikangoja, nikapima, nikangoja. Nilikuwa najisikia kwamba wote wale nje wananipima mimi.

Jua lilipoanza kuinama ndipo nikasema neno lenyewe. Wanaume wakaleta tipoyi, ile machela ya kubeba kwa mabega, wakamlaza, wakaanza kuteremka wakipokezana na kuimba ili wasisikie uzito, na mimi nyuma yao na bluzi yangu yenye matope. Sitaki kukwambia nilichokuwa nafikiri njia nzima. Tulifika Rutshuru, wakamwingiza moja kwa moja kwenye upasuaji. Daktari alikuwa kijana, labda mdogo kwangu. Alipotoka alikuwa anatabasamu, akasema mama mzima, mtoto mzima, mwanaume. Kisha tabasamu likaisha.

"Sasa weye, ulikuwa unangoya nini?" akaniuliza. "Miye niko hapa tangu asubui. Sina kazi. Niko nacheza dame na mulinzi, na mulinzi ananipiga."

Nilisimama pale nikifikiria mtu aliyesomea kufungua tumbo la mwanamke na kulifunga tena akikaa kivulini kuhesabu kete, na mimi mlimani nikikataa kumpa kazi yake kwa sababu ya koti la baba mkwe. Tangu siku ile tulikuwa marafiki, mimi na yule daktari. Nilimtumia wagonjwa mapema mpaka mara nyingine alinirudishia akicheka, "Huyu ni tumbo ya ndizi tu, Papa Masika, angejamba ingekuwa imeisha." Hakuna aliyekufa kwa kurudishwa hivyo. Naye alikuwa ananipigia simu. Akimpasua mtu wa kwetu na kumruhusu aende nyumbani, aliniuliza: kidonda hiki nani atakiosha? Nyumba hii wanakula nini? Yeye hakuweza kujua hayo kutoka kule, nami sikuweza kupasua. Kazi ilikuwa moja, tumeishika wawili.

Nasema haya kwa sababu umesema kwamba wewe si daktari kama vile ni upungufu wa kwako peke yako. Daktari mmoja na milima yote ile! Hata wangekuwa kumi. Mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja kumi. Anahitaji mtu ambaye ataona jinsi mbavu zinavyoingia ndani akivuta pumzi, ampe dawa sasa, na ajue ni saa gani ya kusema huyu amenizidi. Hivyo vyote unavijua. Nimekuona ukivifanya hapa Keshero tangu umalize shule, na wagonjwa wengine wameshaanza kuniruka na kuuliza kama yuko "ule wa kike". Nilijifanya sikusikia.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe. Sifa amefikia nywele za kisogoni, na wewe umeanza kulia "aï, aï," nami nimekunja na kukunjua karatasi hii. Mama yako amepita mlangoni na mwiko, amenitazama, amesema, "Docta, kuya uonje chumvi." Ananitania kwa ajili ya ile ya mchana. Nimekwenda, nimeonja, nimerudi.

Ndiyo, mtu alikufa mikononi mwangu. Jina lake Vumilia.

Ilikuwa wakati wa uasi, mmoja kati ya maasi yaliyotukanyaga kama nyasi. Wewe ulikuwa hapa Goma na mama yako, shuleni. Waasi walikuwa wameshika barabara, na simu hazikushika tena. Vumilia alijifungua vizuri, mtoto wa kike, akamcheka pua yake. Tulicheka sote. Kisha damu ikaanza na haikusimama. Nilifanya kila nilichofundishwa. Sindano, serumu ya kweli, kumkanda tumbo, mtoto kwenye titi, ngumi yangu mwenyewe nikimbana mpaka mkono ukafa ganzi. Wanaume walitangulia kuomba njia ya kumpitisha kwa tipoyi, wakarudishwa na wenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Mchana ule ule akafa, akiwa amenishika bluzi.

Kama angefika kwa daktari, kwenye damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji, pengine angepona. Nimejiuliza hilo miaka yote hii, na jibu ni lile lile: pengine. Sitakudanganya kwamba kulikuwa na jingine, wala sitakuambia kwamba ukiwa mwema na mwenye bidii halitakukuta. Litakukuta, binti yangu. Mikono iliyofanya kazi hii miaka mingi haiwezi kuyakwepa yote.

Asubuhi iliyofuata sikufungua kituo. Nilikaa ndani, nyuma ya mlango, nimeshaamua kwamba nitarudi Goma nikamsaidie mama yako kuuza maharagwe. Nje watu walifika kama kawaida. Niliwasikia wakikohoa, wakisalimiana kwa sauti ya chini, na hakuna aliyegonga. Walijua. Mwisho mtu akagonga. Alikuwa mama mkwe wake Vumilia, mwanamke mfupi ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimemtibu meno tu.

"Docta, fungua. Mutoto analia."

Nikamjibu nikiwa nimeegemea mlango. Nilimjibu maneno yako, Masika, yale yale uliyonipa leo mezani. Nilisema, "Mama, miye siko docta."

"Najua," akasema. "Fungua."

Nikafungua. Mtoto alikuwa na njaa. Tukamtafutia jirani mwenye maziwa, nikampima, nikamfunika, na nyuma yake kulikuwa na mzee wa kikohozi, halafu msichana mwenye jipu, halafu wengine. Nilikuwa nalia na kuandika dawa. Hakuna aliyeniambia nisilie na hakuna aliyetoka kwenye mstari. Yule mtoto sasa ni msichana mkubwa, anauza vocha za simu Bunagana, na mama yako akipita kununua maharagwe humtania kwamba anazidisha bei.

Nilikuwa nimedhani wale watu wananiita docta kwa kudanganyika, na kwamba siku watakapogundua itakuwa aibu yangu. Kumbe walijua tangu siku ya kwanza. Walijua kuliko mimi. Waliita hivyo kwa sababu mlango ule ulikuwa na mtu, na mtu yule huitwa hivyo. Basi wakikuita, itika. Wala usiwasahihishe kila asubuhi, utawachosha. Jisahihishe mwenyewe kimyakimya, hasa siku ambazo wanakusifu, na ukiona umezidiwa wapeleke kwa mwenye kisu kabla hujafikiria koti la mtu yeyote.

Nikuambie na jambo ambalo hujui kwamba nililiona. Volkano hii ya mwisho, tulipokimbilia tena Sake, ulikuwa na diploma mpya na viatu vyote viwili. Ulikuwa umewekwa kwenye darasa la ile shule tuliyojihifadhi, lile lenye watoto wanaoharisha. Nilikuja kukuletea chai, nikasimama mlangoni. Ulikuwa umemshika mtoto mmoja, macho yameingia ndani, hanywi tena. Baba yake alikuwa anafoka kwamba wewe ni mtoto tu, kwamba anataka docta wa kweli. Nilikuwa tayari kuingia na kujitaja. Wewe ukamwambia, bila hata kupandisha sauti, "Haki yako, papa. Tuende kwa docta wa kweli, sasa ivi. Miye nabeba mutoto, weye beba chupa." Mkapanda pikipiki watu watatu na mtoto, hukungoja ruhusa ya mtu, hukuona aibu yoyote. Mimi lile lilinichukua miaka na tipoyi moja kulijifunza. Chai niliinywa mwenyewe, nimesimama pale pale, na nilikuwa na kiburi ambacho sijawahi kukipata kwa stetoskopu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba unatosha. Hutatosha kwa kila mtu, wala hakuna anayetosha kwa kila mtu, lakini unatosha kufungua na unatosha kujua pa kuishia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa kuhusu kubaki na mimi.

Uliposema nafasi iko, nilifurahi. Hilo ndilo lililonifanya niombe chumvi. Nilijiona kabisa nikikuambia, sawa mama, baki, tutafanya pamoja, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Mama yako aliiona furaha hiyo usoni mwangu, ndiyo maana akachukua sahani. Ningekuweka hapa karibu na mimi mpaka nizeeke, tungekula pamoja, ungenirekebisha mbele ya wagonjwa, na ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Keshero. Na kule mlimani wangeendelea kuteremka kwa miguu.

Baada ya chakula nilikwambia natoka kununua vocha. Sikwenda kununua vocha. Nilikwenda kwa Kambale, yule mliyesoma naye, ambaye anatafuta kazi tangu mwaka jana. Nilikuwa nimeshazungumza na daktari mkuu wa zone yetu ya afya kwa simu, akakubali. Nafasi yako hapa nimempa yeye. Anaanza kesho. Alifurahi mpaka akaangusha sufuria ya mama yake, na mama yake akafurahi naye kwanza, kisha akamgombeza.

Usinikasirikie, au nikasirikie kidogo kisha uendelee kusuka. Chumba chako kiko, kitanda chako kiko, na siku yoyote ukirudi kama mtoto wetu utakuta chakula, hata ukirudi unalia, hata ukirudi bila viatu tena. Lakini kama muuguzi, hapa Keshero huna kazi. Kazi yako iko kule. Na wiki ijayo nikipata mgonjwa nisiyemwelewa nitakupigia simu, maana umesoma mambo mapya yaliyokuja mimi nikiwa nimeshatoka shule, na nimechoka kumuuliza Sifa, ambaye hutibu kila kitu kwa mafuta ya mawese.

Enda na baraka yangu. Nakupa yote, sibakizi hata robo. Mungu aliyetutoa kwenye moto mara mbili, na kwenye bunduki sijui mara ngapi, akutangulie barabarani na akungoje mlangoni. Wakunjie wagonjwa mkono wa bluzi, wacheke nawe, wakuite wanavyotaka.

Kesho mama yako na Sifa ndio watakaokusindikiza mpaka kwenye gari. Mimi sitakuja. Usidhani nimenuna, wala usikubali mama yako akuambie kwamba wagonjwa walikuwa wengi. Wagonjwa huwa hawajafika saa ile. Ni kwamba najijua, Masika. Nikikuona umeshakaa dirishani na nywele zako mpya, nitakushusha.

Baba yako